Historia ya OpenStack: programu ilibaki hata waanzilishi walipobadili njia

Tangu mwaka 1998, mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas huko Marekani, uko na kampuni inayoitwa Rackspace. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleweka. Mwenye tovuti anahitaji ordinatere inayowaka usiku na mchana ili watu waione tovuti yake. Rackspace iliweka mashini hizo, zinazoitwa seriva, katika kumbi zenye umeme na baridi, kisha ikazikodisha kwa mwezi. Ni kama mwenye nyumba na wapangaji wake. Kazi ilikua hata kampuni ikahamia katika jengo la Windsor Park, ambalo zamani lilikuwa soko kubwa la maduka na likafungwa.

Lakini kila mpangaji mpya alihitaji seriva yake, na kuitayarisha kulichukua muda. Mwaka 2003, watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa programu inayoitwa Xen. Inagawanya seriva moja kuwa nyingi, kama vile nyumba kubwa inavyokatwa vyumba. Tena ilikuwa programu huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuitumia bila kulipa.

Mwaka 2006, Amazon, iliyojulikana zaidi kwa kuuza vitabu, ilianza kukodisha vyumba vya namna hiyo kwa saa. Mteja aliagiza, na baada ya dakika chache alikuwa na mashini. Hiyo ndiyo biashara inayoitwa leo wingu. Amazon yenyewe ilitumia Xen kukata vyumba. Lakini ilikuwa pia na programu ya kusimamia nyumba nzima: kumpokea mteja, kumpa chumba na kuhesabu saa zake. Hiyo ilibaki siri yake. Kampuni zingine za kukodisha seriva zilikuwa na msumeno wa kukata vyumba, lakini hazikuwa na msimamizi.

Rackspace iliona hatari. Mwaka 2008 ilinunua Slicehost, kampuni ndogo iliyokuwa ikikodisha mashini za namna hiyo. Hata hivyo, kushindana na Amazon peke yake ilikuwa ngumu.

Wakati huo, watu wengine kabisa walikuwa na shida ya kufanana. Katika kituo cha Ames, California, shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa likijenga wingu lake kwa jina la Nebula. Wahandisi walianza na Eucalyptus, programu iliyozaliwa katika chuo kikuu cha California, mjini Santa Barbara. Sehemu kubwa ya Eucalyptus ilikuwa huria, lakini kampuni yake iliuza pia sehemu iliyofungwa. Chris Kemp, aliyeongoza mambo ya teknolojia katika NASA, alieleza baadaye kwamba wahandisi wake walitaka kuirekebisha ili ibebe mashini nyingi zaidi, lakini marekebisho hayo hayakupokelewa. Basi wakaandika programu yao wenyewe, Nova, na mwaka 2010 wakaiweka wazi kwa wote.

Watu wa Rackspace waliiona na kuwasiliana nao. Wao walikuwa na programu ya kuhifadhi data, iliyokuja kuitwa Swift. Mwezi wa saba mwaka 2010, pande hizo mbili zilitangaza OpenStack, chini ya ruhusa ya Apache, na kampuni kama Dell, Intel na Citrix zikajiunga. Toleo la kwanza lilitoka mwezi wa kumi mwaka huo, kwa jina la Austin.

Kwa nini kampuni ya biashara itoe bure kitu cha thamani namna hiyo? Haikuwa sadaka. Rackspace ilitaka wengi watumie msimamizi mmoja, ili mteja aweze kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kuanza upya. Halafu yenyewe ingeshindana kwa huduma nzuri. Mwezi wa tisa mwaka 2012, shirika lisilo la faida liliundwa, na Rackspace ikalikabidhi hata jina la OpenStack.

Hesabu hiyo haikutoka kama walivyopanga. NASA iliachana na Nebula mwaka huo huo wa 2012, na ripoti ya mkaguzi wake mkuu ya 2013 ilieleza kwamba wingu la kununua kwa kampuni kubwa lilionekana la kuaminika zaidi na la bei ndogo zaidi. Mwaka 2015, Rackspace ilianza kuwasaidia wateja kutumia mawingu ya Microsoft na Amazon, wapinzani wake wa jana. Mwanzoni mwa 2016, HP ilifunga wingu lake la umma lililojengwa juu ya OpenStack. Mwaka huo huo, Rackspace yenyewe ilinunuliwa na Apollo kwa dola bilioni 4.3.

Kama programu ingekuwa mali ya mmoja wao, ingeweza kuzikwa pamoja na mipango yake. Haikuzikwa. Maabara ya CERN, karibu na Geneva, inaitumia tangu 2013 kwa utafiti wake wa fizikia. Kampuni ya Kifaransa OVH, iliyoanzia Roubaix mwaka 1999 kwa kazi ileile ya kukodisha seriva, ilijenga wingu lake juu ya OpenStack. Mkongomani anayekodi mashini katika wingu hilo anatumia kazi ya wahandisi wa Texas na wa NASA, hata kama hajasikia jina lake.

Na kwa kijana wa Lubumbashi au Goma anayefikiri kufungua biashara kama hiyo, historia hii inasema mambo mawili. Msimamizi wa nyumba anapatikana bila kulipa, na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Lakini HP nayo ilikuwa na msimamizi huyohuyo, na ikafunga. Umeme, seriva, waya wa intaneti na mafundi wa kuamka usiku mashini ikizimika, hivyo bado vinalipiwa.