Friji ya Mathe Ilivuja, Nikajipata Boston ya 1806

Wasee, hii stori inaanza na maji sakafuni.

Mathe anauza samaki. Ana friji moja kubwa ya mkono wa pili, friza juu, friji chini, na hiyo friji ndiyo biashara yenyewe. Mwezi uliopita tukaanza kuamka asubuhi tunakanyaga maji jikoni. Ukivuta droo ya mboga, unapata kidimbwi. Ukifungua friza, sakafu yake yote ni barafu nene. Fundi akaitwa. Akaweka sikio kwa kompresa, akatingisha kichwa, akasema: "Gesi imeisha. 6,500."

Mathe akaniangalia. Mimi ndiye niliyeacha uhandisi mwaka wa pili, kwa hivyo hilo jicho lilikuwa na maneno mengi ndani yake.

Nikamwomba siku moja tu. Ukweli ni kwamba sikuwa najua kutengeneza friji. Nilikaa usiku kucha nikisoma hii mashine ilitoka wapi, na kumbe jibu la maji yetu lilikuwa kwa hiyo historia.

Tuanze na siagi. Mwaka wa 1803 mkulima mmoja wa Maryland, Marekani, anaitwa Thomas Moore, alipata hataza ya sanduku la kubebea siagi hadi sokoni. Ndani chombo cha bati, katikati barafu, nje mbao na manyoya ya sungura ya kuzuia joto. Siagi ya wenzake ilifika sokoni kama mafuta. Yake ilifika ngumu, akauza kwa bei ya juu. Kwa Kiingereza, yeye ndiye aliyeanza kuita hicho kitu jina ambalo baadaye sisi tulilikata tukapata "friji". Kwa hivyo hii mashine ilizaliwa kwa sababu ya mtu wa soko. Mathe angemwelewa huyo jamaa mara moja.

Lakini barafu itoke wapi? Mwaka wa 1806 kijana wa Boston, Frederic Tudor, akakata barafu kwa bwawa wakati wa baridi, akaipakia merikebuni, akaipeleka Martinique, kisiwa cha joto. Watu walimcheka. Na kweli alipata hasara, barafu ikamyeyukia huko kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuihifadhi. Alifungwa hata jela kwa madeni. Hakuacha. Akajifunza kuipanga barafu na maranda ya mbao ili isiyeyuke haraka, na mwaka wa 1833 meli yake ikafika Calcutta, India, baada ya safari ya miezi minne hivi. Iliondoka na tani 180 za barafu, ikafika na kama tani 100 bado ngumu. Barafu ya Boston ikauzwa kwenye joto la Bengal! Huyo mtu aliishia kuitwa mfalme wa barafu.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo stori yetu iko. Baada ya Tudor, familia nyingi za mijini Marekani zikawa na kabati la barafu jikoni. Mwuza barafu anapita na mkokoteni, anakuwekea bonge juu, chakula kinakaa chini. Na barafu ikiyeyuka? Maji yanateremka kwa bomba dogo hadi kwa sinia iliyo chini ya kabati. Kila siku lazima mtu aivute hiyo sinia aimwage. Ukisahau, sakafu imefurika. Na hilo bomba lilikuwa likishika utelezi na uchafu, linaziba, kwa hivyo lazima lisafishwe pia. Mara nyingi mwenye hiyo kazi alikuwa mama wa nyumba au mfanyakazi wake. Hakuna aliyemjengea sanamu, lakini yeye alijua kila tundu la hilo kabati.

Halafu ikaja mashine. Mwaka wa 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza baridi kwa kuzungusha kimiminika ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kinageuka mvuke, kinanyonya joto. Kinakandamizwa, kinaachilia joto nje, kinarudi kuwa kimiminika. Mzunguko huohuo ndio uko nyuma ya friji yenu leo. Ni akili ileile ya mtungi wa shosho: maji yanatoka jasho nje ya udongo, yanakauka, yanaondoka na joto, yaliyobaki ndani yanapoa. Tofauti ni kwamba mtungi unapoteza maji yake, lakini friji inafunga gesi yake ndani na kuitumia tena na tena.

Hapo nikasimama kusoma. Kama gesi imefungwa ndani, haiishi kama mafuta ya pikipiki. Inaondoka tu kama bomba limetoboka. Na ikiondoka, baridi inaondoka nayo. Lakini friza yetu ilikuwa imegandisha samaki kama mawe! Sasa gesi imeishaje?

Turudi kwa historia. Friji za umeme ziliingia manyumbani kwa wingi Marekani kuanzia miaka ya 1920. Mwuza barafu akapoteza kazi, lakini maji hayakwisha. Unyevu wa hewa ulishika kwenye mabomba ya baridi, ukageuka barafu, na barafu ikiwa nene, friji inashindwa kupoza. Kwa hivyo kila baada ya muda unazima, unatoa chakula, unaweka bakuli la maji moto ndani, unangoja. Wenye haraka walichukua kisu, wakatoboa bomba, wakaua friji.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watengenezaji wakaondoa hiyo kazi. Wakaficha mabomba ya baridi nyuma ya ukuta wa friza, wakaweka feni, saa na hita. Kila baada ya masaa kadhaa kompresa inazima, hita inawaka kidogo, barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye tundu dogo, yanateremka kwa mpira nyuma ya friji hadi kwa sinia iliyo juu ya kompresa. Joto la kompresa linayakausha. Huoni kitu.

Umeona? Sinia ya kabati la barafu bado iko. Bomba la kuziba bado liko. Kilichoondoka ni yule mtu aliyejua kulisafisha.

Asubuhi nikachomoa friji kwa soketi. Samaki tukawahamisha kwa kasha lenye barafu ya kununua, yaani tulirudi kwa Tudor kabisa. Nikafungua skrubu za ukuta wa nyuma wa friza, nikatoa pole pole nisikate waya za feni. Chini ya mabomba, kwenye kimtaro, tundu lilikuwa limezibwa na barafu. Maji ya hita yalikuwa yakikosa njia, yanamwagika ndani ya friza, yanaganda, mengine yanateremka hadi droo ya mboga na sakafuni.

Sikutumia kisu. Nilichukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikavuta maji moto (si ya kuchemka, plastiki itapasuka), nikaingiza kwa tundu kidogo kidogo. Dakika ishirini hivi. Ghafla nikasikia maji yakianguka kwa sinia ya nyuma. Pamoja nayo yalitoka magamba ya samaki. Magamba! Hayo ndiyo yaliziba kwanza, barafu ikamalizia. Nikaosha mpira wa chini, nikamwaga maji zaidi hadi yakapita bila kusita, nikapangusa kila kitu kikakauka, nikafunga. Kama lingekuwa linaganda tena bila uchafu wowote, ningeanza kushuku hita.

Gharama ya kutengeneza: shilingi 20 za bomba la sindano.

Sisemi mafundi ni waongo. Huyo wetu pengine hakujua, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Kila kifaa kinachotuondolea kazi kinaondoka na ujuzi wa hiyo kazi pia. Siku kikiharibika, tunabaki na mtu mmoja anayesema 6,500, na hatuna hata swali la kumuuliza. Swali moja tu lingetosha: kama gesi imeisha, mbona barafu bado iko?

Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa kavu. Mathe alipita jikoni bila viatu, akarudi, akapita tena. Hakusema kitu kuhusu chuo. Alisema tu kwamba kuanzia leo samaki wataparwa magamba na kuoshwa kabla ya kuingia friza, na kwamba friji ya jirani pia inavuja, kwa hivyo nisitoke kwenda mbali.