Je, World of Warcraft Umekimbiwa na Wachezaji?

World of Warcraft ni mchezo wa mtandaoni uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani, tarehe 23 Novemba 2004. Mchezaji huunda mhusika wake, akachagua upande mmoja kati ya pande mbili zenye uhasama, Alliance au Horde, kisha akaingia katika dunia ambamo maelfu ya watu wengine wanacheza saa hiyo hiyo. Si mchezo wa bure. Marekani ada yake ni dola 14.99 kwa mwezi, mbali na bei ya nyongeza kubwa ambazo hutoka kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa muda mrefu ndio uliokuwa mkubwa kuliko michezo yote ya aina yake, na pengine ndiyo sababu hakuna mwingine uliotangaziwa kifo mara nyingi kama huu. Kila nyongeza mpya inapozoeleka, hutokea watu wakaapa kwamba safari hii umekwisha.

Dai hilo linastahili kupimwa kwa makini, maana lina uzito kwa watu wengi. Anayetaka kuanza leo anataka kujua kama atapata wenzake wa kucheza nao. Aliyeujenga mhusika wake kwa miaka kumi anataka kujua kama kazi yake itafutika, kwa kuwa seva za mchezo wa aina hii zikizimwa hakibaki kitu mkononi mwa mnunuzi.

Tuanze na kipindi ambacho hesabu zake zipo wazi. Oktoba 2010 Blizzard ilitangaza kwamba wanaolipia mchezo wamefika milioni 12. Hicho ndicho kilele. Desemba ikatoka nyongeza ya Cataclysm, na hesabu ikaanza kushuka: milioni 11.4 mwanzoni mwa 2011, milioni 10.3 kufikia Septemba, milioni 9.1 katikati ya 2012. Mists of Pandaria ilipotoka Septemba 2012 wakapanda tena kupita milioni 10, kisha wakateremka hadi milioni 8.3 Machi 2013 na milioni 6.8 Juni 2014. Novemba 2014 ikaja Warlords of Draenor, na walipaji wakaruka juu ya milioni 10 kwa mara nyingine. Kufikia mwisho wa Juni 2015 walikuwa milioni 5.6. Ripoti iliyofuata ilitaja milioni 5.5, na hapo kampuni ikasema haitatangaza tena hesabu hiyo, kwa maelezo kwamba vipo vipimo vingine vinavyoonyesha vizuri zaidi hali ya biashara.

Kwa kipindi hicho, basi, jibu lipo na halina haja ya kuzungushwa. Kati ya Oktoba 2010 na Septemba 2015 mchezo ulipoteza zaidi ya nusu ya walipaji wake. Mashabiki waliolikana hilo walikuwa wakibishana na hesabu za kampuni yenyewe.

Hata hivyo, kabla ya kulia juu ya mamilioni hayo, inafaa kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akihesabiwa. Mmarekani na mtu wa Ulaya walilipa kwa mwezi. Mchina alinunua saa za kucheza, na mara nyingi alichezea kwenye intaneti kafe. Kwa ufafanuzi wa Blizzard, mchezaji wa intaneti kafe aliyeingia mchezoni ndani ya siku 30 zilizopita alihesabiwa kuwa mwanachama. Mwanafunzi wa Shanghai aliyecheza saa mbili kwa mwezi mzima alikaa katika safu moja na fundi wa Texas anayekatwa dola 14.99 kila mwezi, acheze asicheze. Kampuni ilieleza zaidi ya mara moja kwamba sehemu kubwa ya mporomoko wa miaka hiyo ilitoka Mashariki. Kupotea kwa mchezaji mmoja wa Magharibi na mmoja wa Mashariki hakukuwa na uzito sawa kwa mapato, wala kwa uhai wa seva za Ulaya na Marekani, ambazo hazikuwa zikichangia wachezaji na China hata kidogo.

Jambo jingine liliongezeka Aprili 2015, nalo linavuruga zaidi uhusiano kati ya idadi ya wachezaji na fedha. Blizzard ilianza kuuza tokeni kwa dola 20. Anayeinunua humuuzia mwenzake kwa dhahabu ya mchezoni, na huyo mwenzake hupata mwezi mmoja wa kucheza bila kutoa senti mfukoni. Mchezaji anayeonekana hachangii kitu anaiingizia kampuni dola 20 badala ya 14.99, kwa kuwa yupo mtu mwingine aliyemlipia. Mapato yanaweza kusimama imara huku watu wakipungua, na anayesoma ripoti ya fedha peke yake hatalijua hilo.

Lakini wachezaji wengi hawasomi ripoti za wawekezaji. Wanaamini macho yao. Wanaingia mji mkuu, wanakuta viwanja vitupu, wanasema mchezo umekufa. Hapa ndipo ningemwomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu mchezo huu umejengwa kwa namna inayodanganya macho pande zote mbili. Warlords of Draenor ilimpa kila mchezaji ngome yake binafsi yenye mgodi, bustani ya mitishamba, wafuasi wa kuwatuma kazini na karibu kila huduma aliyokuwa akiifuata mjini. Watu wakajifungia humo. Mwishoni mwa 2014, wakati walipaji wamerudi kupita milioni 10, miji ilikuwa kimya kuliko miaka ya nyuma ambayo walipaji walikuwa wachache. Utupu ule ulitokana na usanifu wa mchezo, haukutokana na kukimbiwa.

Upande wa pili, tangu 2012 Blizzard imekuwa ikichanganya katika eneo moja wachezaji wa seva mbalimbali, ambazo kila moja ni nakala yake ya dunia hiyo. Unapita porini, unakutana na watu kumi, unafurahi kwamba kumechangamka. Kumbe watano wametoka seva nyingine kabisa, na mfumo umewakusanya ili pasionekane patupu. Mwaka 2013 yalianza pia maunganisho ya seva zenyewe, mbili au tatu kufanywa kama moja. Ilikuwa njia ya heshima ya kukiri kwamba baadhi ya seva zilibaki na watu wachache mno bila kutangaza kwamba zimefungwa. Kwa hiyo barabara tupu si ushahidi wa kifo, na barabara iliyojaa si ushahidi wa uzima.

Foleni ya kungoja kikosi nayo inasomwa vibaya. Kikosi cha kawaida cha kuingia pangoni ni watu watano: mlinzi mmoja anayekaa mbele akipigwa na maadui, mganga mmoja anayewaponya wenzake, na washambuliaji watatu. Tangu Desemba 2009 upo mfumo unaowaunganisha watu hao bila wao kutafutana. Mlinzi akijiandikisha huitwa haraka sana, pengine kabla hajamaliza kupanga silaha zake. Mshambuliaji anaweza kukaa nusu saa. Huyu aliyesubiri atasema wachezaji wameisha, wakati kilichoadimika ni walinzi tu: kazi yao ni ngumu, wakikosea kikosi kizima kinakufa, na lawama zote zinawaangukia wao. Umati mkubwa uliojaa washambuliaji utatoa foleni ndefu kuliko umati mdogo wenye uwiano mzuri.

Ukiyatazama tena yale mamilioni ya 2010 hadi 2015 utaona mwendo wake: yanapanda nyongeza inapotoka, yanashuka kadiri miezi inavyokwenda, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Anayepima wakati wa maji kupwa atasema bahari imekauka. Mauzo ya siku ya kwanza ya nyongeza yanaonyesha jinsi watu wanavyorudi. Cataclysm iliuza nakala milioni 3.3 katika saa 24 za mwanzo mwaka 2010. Legion milioni 3.3 mwaka 2016. Battle for Azeroth milioni 3.4 mwaka 2018. Shadowlands milioni 3.7 mwaka 2020. Miaka kumi ya kuzikwa, na siku ya ufunguzi bado ilijaa. Takwimu hizi hazisemi nani alibaki miezi sita baadaye, na kampuni huzitangaza kwa sababu zinaipendezesha. Zinasema jambo moja tu, ambalo ni kubwa: mamilioni ya walioacha hawakuondoka moja kwa moja. Wamezoea kuja na kwenda.

Wengine walikuwa wakicheza mchezo huo huo nje ya hesabu. Nostalrius, seva isiyo rasmi iliyoendesha toleo la zamani la World of Warcraft bila idhini, ilifungwa Aprili 2016 baada ya wanasheria wa Blizzard kuingilia kati. Waendeshaji wake walisema walikuwa na wachezaji hai zaidi ya 150,000. Hao katika vitabu vya kampuni walikuwa wamepotea. Kwa kweli walikuwa wanaukimbia mchezo wa wakati huo na kuufuata ule wa 2006. Kampuni ililisikia somo, na Agosti 2019 ikafungua seva rasmi za World of Warcraft Classic. Siku za kwanza foleni za kuingia zilifika maelfu ya watu kwa seva moja.

Wapo pia waliohama kweli. Mwaka 2021, ahadi za Shadowlands zilipowachosha watu na jimbo la California likaishtaki Activision Blizzard, kampuni mama ya Blizzard, mwezi Julai kwa madai ya unyanyasaji na ubaguzi dhidi ya wanawake kazini, kundi kubwa lilihamia Final Fantasy XIV ya Japani. Desemba mwaka huo mchezo huo ulizidiwa na watu kiasi kwamba wenye nao, Square Enix, walisimamisha mauzo kwa muda. Na wapo waliotolewa kwa nguvu: tarehe 23 Januari 2023 seva za China zilizimwa kwa sababu Blizzard na mshirika wake NetEase walishindwa kuelewana juu ya mkataba. Wachezaji wa nchi nzima waliondolewa usiku mmoja ilhali hakuna aliyekuwa amechoka. Walirudishiwa mchezo Agosti 2024.

Baada ya 2015 kampuni ilihamia kwenye kipimo cha watumiaji hai wa mwezi. Blizzard ilitaja milioni 38 mwanzoni mwa 2018 na milioni 27 mwanzoni mwa 2021. Idadi hizo ni za michezo yake yote kwa pamoja, ikiwemo Overwatch na Hearthstone, na mtu anayecheza miwili huhesabiwa mara mbili. Kuzitumia kuhukumu World of Warcraft ni kupima homa ya mtoto mmoja kwa joto la nyumba nzima. Tovuti zinazodai kujua hesabu ya leo zinakisia. Mchezo huu hauuzwi kwenye duka la Steam, ambalo huonyesha hadharani ni wangapi wako mchezoni kila saa. Na hata Steam huhesabu mlango mmoja tu: PUBG, mchezo mwingine wa mtandaoni, ilifikia wachezaji zaidi ya milioni 3.2 kwa wakati mmoja Januari 2018, kisha ikashuka sana, lakini Machi mwaka huo toleo la simu lilitoka, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaolicheza kwa bando hawajawahi kuwamo katika hesabu ile.

Nionavyo mimi, kipimo cha kweli cha uhai wa mchezo kama huu ni kundi. Mwaka 2005 pango la Molten Core liliingiwa na kikosi cha watu 40. Chama chenye watu 45 kilikuwa hai. Wakiondoka kumi, wale 35 waliobaki wenye hamu na ujuzi ule ule walikaa bila kazi, na ndani ya wiki chache nao wakatawanyika. Watengenezaji waliliona hilo: nyongeza ya kwanza, Januari 2007, ikashusha kikosi kikubwa hadi watu 25, na tangu 2014 kiwango kigumu zaidi kinahitaji 20. Dunia yenye mamilioni inaweza kuwa imekufa kwako kama saa unayocheza, katika seva yako, huwapati watu 19 wa kuongozana nao. Dunia ndogo nayo inaweza kuwa hai kabisa, na bado ikazimwa: City of Heroes, mchezo mwingine wa aina hii, ilifungwa na mwenye nayo, NCSoft, tarehe 30 Novemba 2012, wachezaji wakiwa wamo ndani hadi dakika ya mwisho.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza au kurudi asihangaike na mabishano ya kifo. Aangalie kwanza seva anayokusudia, saa atakazocheza na chama kinachotafuta watu. Mchezo wenyewe ulipoteza zaidi ya nusu ya walipaji wake katika miaka mitano, haujarudi hadharani kwenye milioni 12, na haujafa. Oktoba 2023 Microsoft iliinunua kampuni mama kwa takriban dola bilioni 69. Novemba 2024 World of Warcraft ulitimiza miaka 20, seva zikiwa wazi na ada ya mwezi Marekani ikiwa ile ile ya 2004: dola 14.99.