Sukari si Kipimo Pekee: Zaidi ya Miaka 160 ya Kuzisaka Ketoni

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa sindano ya dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho la ng'ombe. Kisukari kilikuwa kimemmaliza, amebaki ngozi na mifupa, uzito haufiki hata kilo 30, na pumzi yake inanuka asetoni. Baada ya sindano, sukari ya damu ilishuka kutoka miligramu 440 hadi 320 kwa desilita. Anayetazama sukari peke yake angesema dawa imeanza kazi. Lakini mkojo ulipopimwa, ketoni zilikuwa palepale. Mgonjwa hakuonyesha nafuu, na mahali pa sindano pakaota jipu. Dawa ikasitishwa. Siku 12 baadaye, mwanabiokemia James Collip akiwa ameisafisha vizuri zaidi, Thompson alidungwa tena. Safari hii sukari ilishuka kutoka 520 hadi 120 ndani ya saa 24, na ketoni zikatoweka kwenye mkojo. Kijana huyo aliyekuwa akingojea kufa aliishi miaka 13 zaidi.

Kisa hicho husimuliwa kama hadithi ya insulini, na ni haki yake. Ila ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: siku insulini ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza, sukari kushuka kidogo hakukuwaridhisha madaktari. Waliangalia ketoni pia, kwa kuwa walijua ndizo zinazoua. Leo, karne moja baadaye, wagonjwa wengi wa kisukari wanaijua sukari yao kwa tarakimu, asubuhi na jioni, lakini hawajawahi kupima ketoni hata mara moja, na wengine hawajawahi kulisikia neno lenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba hilo ni kosa, na kwamba historia ya vipimo vya ketoni inatuonyesha tulivyolifikia na tunavyoweza kulirekebisha.

Tuanze na ketoni zenyewe. Wengi wetu tumefundishwa kwamba insulini huingiza sukari ndani ya seli ili itumike kama nishati. Ni kweli, lakini insulini ina kazi nyingine isiyosemwa sana: huyazuia mafuta ya mwilini yasivunjwe ovyo. Insulini ikikosekana, mafuta hayo huvunjika na kumiminika kwenye ini, na ini huyageuza kuwa ketoni. Ziko za aina tatu, yaani asetoasetiki, beta-hidroksibutireti na asetoni. Mbili za kwanza ni asidi. Ya tatu hutoka kwa pumzi, na ndiyo inayoleta ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Asidi zikizidi uwezo wa damu kuzimudu, mgonjwa huanza kutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa kina, kisha hupoteza fahamu. Hali hiyo ndiyo ketoasidosisi, na isipotibiwa huua.

Dunia ilizitambua ketoni kupitia kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1857, mjini Prague, Wilhelm Petters aligundua asetoni katika mkojo wa mgonjwa wa kisukari. Mwaka 1865 daktari Mjerumani Carl Gerhardt alieleza kipimo rahisi. Mkojo unawekwa kwenye kijichupa cha kioo, unadondoshewa matone machache ya kloridi ya chuma, kisha unatazama. Ukigeuka na kuwa na rangi ya damu ya mzee, mgonjwa yuko hatarini. Mwaka 1874, Adolf Kussmaul wa Freiburg akaeleza namna wagonjwa wa kisukari wanavyopumua wanapokaribia kuzimia: pumzi ndefu, nzito, za mtu aliyetoka mbio, ilhali amelala kitandani na njia ya hewa haijaziba. Miaka 10 baadaye, Oskar Minkowski na Eduard Külz, kila mmoja kwa njia yake, waliitambua beta-hidroksibutireti katika mkojo wa wagonjwa hao. Mwalimu wa Minkowski, Bernhard Naunyn, akaipa jina la asidosisi hali hii ya mwili kuelemewa na asidi. Ndani ya miaka isiyozidi 30, basi, madaktari walikuwa wameunganisha harufu, rangi, pumzi na asidi kuwa ugonjwa mmoja wenye sababu moja. Kongosho lilikuwa bado halijahusishwa kwa ushahidi. Minkowski mwenyewe, akiwa na Joseph von Mering, alikuja kuonyesha mwaka 1889 kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari.

Kazi iliyofuata ilikuwa kukifanya kipimo kiwe chepesi. Mwaka 1883 Emmo Legal alitumia kemikali iitwayo nitroprusidi, ambayo hubadilika rangi inapokutana na ketoni. Mwaka 1908 Arthur Rothera aliiboresha njia hiyo ikatoa rangi ya zambarau iliyo wazi zaidi. Katikati ya karne ya 20 kampuni ya Ames ya Marekani ikaigeuza kemia hiyohiyo kuwa vidonge, na baadaye kuwa vijiti vya kuchovya kwenye mkojo. Mgonjwa hakuhitaji tena maabara. Anachovya kijiti, anahesabu sekunde 15, analinganisha rangi na picha iliyo ubavuni mwa kopo. Kipimo kilichokuwa siri ya mkemia wa hospitali kiliingia nyumbani.

Kisha zikaja mashine za kupimia sukari, na hapo ketoni zikaanza kusahaulika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa walianza kujipima sukari ya damu wenyewe kwa kujitoboa kidole. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama DCCT ukathibitisha kwamba kuidhibiti sukari vizuri huyalinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na hakuna anayepaswa kuudharau. Lakini faida hiyo ni ya miaka mingi ijayo, ilhali ketoasidosisi huua kwa saa na siku. Elimu ya mgonjwa ilipojikita kwenye sukari, ile ya ketoni ilibaki aya moja fupi mwishoni mwa kijitabu.

Kulikuwa pia na kasoro ndani ya kipimo chenyewe. Nitroprusidi huiona asetoasetiki, na asetoni kidogo, lakini haiioni kabisa beta-hidroksibutireti. Na katika ketoasidosisi, beta-hidroksibutireti ndiyo nyingi kupita zote, mara tatu ya asetoasetiki na pengine hadi mara kumi. Kijiti cha mkojo kilikuwa kikihesabu kundi dogo na kuliacha kubwa. Zaidi ya hayo, mgonjwa anapoanza kutibiwa, beta-hidroksibutireti hugeuka kuwa asetoasetiki. Mtu anapata nafuu, rangi ya kijiti inazidi kukolea, na asiyejua hudhani dawa imeshindwa. Tena mkojo uliopo kwenye kibofu ni habari ya saa zilizopita, na mgonjwa aliyekaukiwa maji huenda asipate hata huo mkojo wa kupima. Mlango wa kutokea ulifunguliwa mwaka 1962, pale watafiti Williamson, Mellanby na Hans Krebs walipoeleza njia ya kutumia kimeng'enya kuipima beta-hidroksibutireti kwenye damu. Ilichukua takriban miaka 40 kwa maarifa hayo kuingia katika mashine ndogo ya mkononi, inayotumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya muda mfupi.

Je, tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia kwa miezi sita vijana na watoto 123 wenye kisukari cha aina ya kwanza nchini Marekani. Nusu walipewa mashine ya ketoni za damu, nusu vijiti vya mkojo. Siku za ugonjwa, waliopewa mashine walipima ketoni mara 91 kwa kila 100 walizopaswa, wenzao mara 61. Safari za dharura na kulazwa hospitalini kwa wenye mashine zilikuwa takriban nusu ya zile za wenzao. Mwaka 2010 vyama vya kisukari vya Uingereza vilitoa mwongozo unaotaka matibabu ya ketoasidosisi yafuate kushuka kwa ketoni za damu, angalau milimoli 0.5 kwa lita kila saa. Madaktari wa Uingereza walirudi, kwa namna fulani, kwenye kitanda cha Leonard Thompson: usiridhike na sukari kushuka, hakikisha ketoni nazo zinaondoka.

Wapo watakaosema kwamba mashine ya sukari inatosha, kwa kuwa ketoni hazipandi bila sukari kupanda kwanza. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si mara zote. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya kisukari vya kundi la SGLT2, vinavyoitoa sukari kupitia mkojo, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipata ketoasidosisi huku sukari yao ikiwa haijapanda sana. Mjamzito mwenye kisukari naye anaweza kufikia hali hiyo kwa sukari ambayo haimtishi mtu. Ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2024 hayamdai tena mgonjwa anayejulikana kuwa na kisukari awe na sukari ya juu ndipo ugonjwa huu utambuliwe. Kinachodaiwa ni ketoni na asidi. Mwenye kukaa akingojea sukari ipande anaweza kuchelewa.

Wengine watasema, kwa upande wa pili, kwamba ketoni ni kitu cha kawaida na hakuna haja ya kutishana. Nao wana hoja. Mwaka 1967 watafiti Oliver Owen, George Cahill na wenzao walionyesha kwamba mtu akikaa na njaa kwa wiki kadhaa, ubongo wake hutumia ketoni kama chakula. Lishe inayozalisha ketoni imetumika kutibu kifafa tangu miaka ya 1920. Anayefunga, asiye na kisukari, huwa na ketoni kidogo na hadhuriki, kwa sababu insulini yake ipo na inaziwekea mpaka. Tatizo ni insulini kukosekana, na ketoni ndizo hutangaza kwamba imekosekana. Kwa hiyo namba ina maana yake: kwa kipimo cha damu, chini ya milimoli 0.6 kwa lita ni kawaida. Kati ya 0.6 na 1.5 ni dalili ya kuwa macho na kupima tena, ikivuka 1.5 hatari imesogea na ushauri wa daktari unahitajika upesi, ikifika 3.0, ni kwenda hospitali bila kungoja kupambazuke.

Pingamizi zito kuliko yote ni gharama. Stripu za ketoni za damu ni ghali kuliko za sukari, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki hata hizo za sukari hazipatikani kila siku. Sitalipuuza hilo. Lakini tupime pia gharama ya kutopima. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba karibu watu 30 kati ya kila 100 waliofikishwa na ketoasidosisi walifariki ndani ya saa 48. Kwa wagonjwa 34 kati ya 100, chanzo kilikuwa kukosa insulini. Zaidi ya tisa kati ya kumi walifika fahamu zao zikiwa tayari zimevurugika, yaani saa ambazo kipimo kingewaokoa zilikuwa zimekwisha. Katika mazingira yetu kutapika hudhaniwa malaria na pumzi nzito hudhaniwa nimonia, na kila dhana huyala masaa. Kijiti cha mkojo, pamoja na kasoro zake zote, ni rahisi na kinaweza kuwekwa katika kila zahanati. Aliyefundishwa kasoro hizo hatadanganywa nazo, kwani kikionyesha ketoni kwa mgonjwa anayetapika, jibu ni hospitali. Mashine ya damu ianze pale penye uzito zaidi, yaani vyumba vya dharura, kliniki za watoto na za wajawazito wenye kisukari.

Kuna kosa moja ambalo lazima lipigwe vita kila kliniki inapokutana na wagonjwa, nalo ni kukata insulini kwa sababu mgonjwa hajala. Homa na maambukizi huufanya mwili uhitaji insulini zaidi, hata tumbo likiwa tupu. Anayetegemea insulini asiiache ya msingi. Akiugua, apime sukari na ketoni kila baada ya saa chache, anywe maji kwa wingi, na awasiliane na daktari wake kuhusu kiasi cha dawa. Akitapika bila kukoma, akipumua kwa shida au akianza kusinzia ovyo, asipelekwe duka la dawa. Apelekwe hospitali.

Wizara za afya zetu zinaweza kuanza na jambo dogo: kila mgonjwa anayeandikiwa insulini aondoke na kopo la vijiti vya ketoni na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza lini avitumie na namba zina maana gani. Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna anayejidunga insulini, muulize leo ana kitu gani cha kupimia ketoni. Kama hana, swali hilo lipelekeni pamoja kliniki siku yake ya kuhudhuria ikifika.