Mvua ya Kericho, Chai na Mpunga wa Kano

Chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, hukuzwa kwa mvua. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda mashamba makubwa katikati ya miaka ya 1920, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, hazikuchimba mifereji ya kumwagilia. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima hii karibu kila alasiri, hupoa, na kuwa mvua. Mwinuko ni mita 2,000 hivi, na mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Mawingu hayo hayo huleta mvua ya mawe, ambayo kwa dakika chache huchanachana majani mawili na chipukizi, yaani kile hasa anachokitafuta mchumaji.

Wakati wa ukoloni, Mwafrika alizuiwa kwa muda mrefu kulima chai. Wakulima wadogo waliongezeka baada ya uhuru, chini ya Mamlaka ya Kuendeleza Chai ya Kenya (KTDA) iliyoundwa mwaka 1964, nao wakapewa miche inayozaa sana ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya shina. Faida hiyo ilikuja na gharama yake: mche wa kikonyo hauna mzizi mkuu kama ule uliooteshwa kwa mbegu, hivyo kiangazi cha Januari na Februari huuathiri mapema. Chipukizi hudumaa, na mizunguko ya kuchuma hurefuka.

Joto nalo limepanda. Vipimo vya Kericho vya mwaka 1979 hadi 2009 vilionyesha ongezeko la nyuzi 0.2 hivi kwa kila miaka kumi. Hewa ikiwa na joto zaidi, jani hupoteza maji mengi zaidi, kwa hiyo mvua ile ile haitoshi kama zamani. Jambo hili linastahili kuzingatiwa zaidi kuliko hesabu ya milimita za mvua peke yake.

Maji ya nchi hii ya chai hayaishii kwenye chai. Mto Nyando hukusanya maji ya milima ya Kericho na Nandi na kuyateremsha hadi uwanda wa Kano, ambako mradi wa mpunga wa Ahero ulianza mwaka 1969 kwa kuyavuta kwa pampu. Jaruba la mpunga hukaa na maji wazi juani, na kadiri joto linavyozidi ndivyo yanavyokauka upesi na kuhitaji kujazwa tena. Kiangazi kirefu huko juu hupunguza mto wakati ule ule ambapo jaruba linataka maji zaidi. Mvua nyingi kwa mkupuo nayo hubeba udongo wa miteremko, ambao huziba mifereji, na maji yakafurika mashambani.