Deni la Uhuru: Habari za Haiti

Wahenga walinena ya kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hili ni kweli kwa aliyekopa. Lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu waliolipa deni wasilolikopa.

Kwanza tukumbuke Marekani. Mwaka 1776 watu wake walitangaza uhuru, wakapigana na Waingereza. Mwaka 1778 Mfalme wa Ufaransa alifanya nao mapatano, akawapelekea fedha, askari na merikebu. Si kwa kupenda uhuru, bali kwa kuwa Uingereza ilikuwa adui yake. Mwaka 1781 merikebu hizo zilifunga njia ya bahari, jeshi la Waingereza likaweka silaha chini Yorktown. Mwaka 1783 Uingereza ikaukubali uhuru ule.

Sasa tutazame Haiti, katika Bahari ya Karibi. Zamani iliitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lenye utajiri wa sukari na kahawa, vilivyolimwa na watumwa waliotwaliwa Afrika. Mwezi wa Agosti 1791 watumwa hao waliinuka. Mkuu wao, Toussaint Louverture, alikamatwa kwa hila mwaka 1802, akafa kifungoni Ufaransa mwaka 1803. Hata hivyo jeshi la Wafaransa lilishindwa kwa vita na kwa homa, na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru.

Je, mataifa yaliupokeaje? Marekani, iliyosaidiwa jana, ilikuwa na watumwa wake, ikauogopa mfano ule. Haikuitambua Haiti hata mwaka 1862. Nayo Ufaransa, mwaka 1825, chini ya Mfalme Charles wa 10, ilituma manowari 14 kudai faranga milioni 150, ili kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa. Haiti ikakopa Paris ili kuilipa Paris! Mwaka 1838 sehemu iliyobaki ilipunguzwa kuwa milioni 60, lakini mikopo ilizaa mikopo, na ya mwisho iliyotokana na deni lile ilimalizika mwaka 1947.

Twasoma ya kuwa Waisraeli walipotoka Misri walipewa fedha na dhahabu. Wahaiti walitozwa. Fedha ambayo ingejenga shule na barabara ilivuka bahari.

Basi, ndugu wasomaji, tusikiapo nchi fulani ni maskini tangu ipate uhuru, tusiseme upesi kwamba watu wake hawajui kujitawala. Tuulize kwanza: siku ile ya kuzaliwa kwake, wenye nguvu walikuja na zawadi, au walikuja na hati ya deni?