Spika Inamwimbia Nani? Historia ya Kusikiliza Mwanza

Siku hizi anayenunua spika za bei mbaya hupewa masharti yale yale kila mahali. Ziwe mbili, zitengane kwa kipimo kile kile kinachozitenganisha na kiti cha msikilizaji, ili yeye na spika zake wafanye pembetatu yenye pande sawa. Twita, vile vispika vya sauti nyembamba, ziwe kimo cha masikio, spika zisogezwe mbali na ukuta, na zisikae konani kamwe. Ukizipima kwa masharti hayo, sebule za Mwanza na vijiji vya ukanda wa ziwa zimekosea kwa miaka sitini: redio juu ya kabati, spika kwenye kona, uso wake ukitazama mlango. Nasema hazikukosea. Zilijibu swali ambalo masharti hayo hayaliulizi kabisa, yaani ni nani anayesikiliza.

Jibu la Wasukuma lilikuwepo kabla ya umeme. Tangu karne ya 19 wachezaji ngoma wa Usukuma wamegawanyika katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, zilizoasisiwa na Ngika na Gumha, ambao wote wawili walisifika kwa uganga. Katika mashindano yao, ambayo Bujora huko Kisesa yangali yanafanyika kila msimu wa tamasha la Bulabo mwezi Juni, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake, katika uwanja mmoja. Watu husimama katikati, husikiliza huku na huku, kisha huhamia wanakovutwa. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi, na ndiyo maana dawa za kuvuta watu zilithaminiwa sawa na ufundi wa kupiga ngoma. Hapo sauti haielekezwi kwa mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja. Inatumwa ng'ambo ya uwanja imnyang'anye jirani wasikilizaji wake. Mpiga ngoma aliyejua kazi yake alijua pia asimame wapi, upepo unatoka upande gani, na mwamba ulio nyuma yake utamrudishia nini. Katika nchi iliyojaa mawe makubwa kama Mwanza, hilo lilikuwa jambo la kufikiriwa kwa makini.

Masharti ya pembetatu, kwa upande wake, ni mageni hata huko yalikotoka. Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili, lakini santuri za stirio hazikuanza kuuzwa kwa wingi hadi mwaka 1958. Kabla ya hapo msikilizaji wa Ulaya na Marekani alikuwa na spika moja, na mahali pake pa heshima palikuwa kona. Paul Klipsch, Mmarekani aliyeunda spika ya Klipschorn miaka ya 1940, aliichonga kwa umbo la pembe tatu makusudi, ili kuta mbili za chumba ziwe sehemu ya tarumbeta yake. Kona ikaja kuitwa kosa baada ya stirio kumweka mtu mmoja kwenye kiti kimoja, kwa sababu picha ile ya sauti inayoonekana kusimama kati ya spika mbili huvunjika mara msikilizaji anaposogea pembeni. Ni sharti la haki kabisa kwa mtu anayesikiliza peke yake.

Kando ya ziwa, mtu hakusikiliza peke yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na miaka hiyo hiyo Paul Bomani na wenzake walikuwa wakijenga vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilivyokuja kuungana katika shirikisho la Victoria mwaka 1955. Fedha za pamba ziliingiza mabati, baiskeli, cherehani na, pole pole, redio za betri. Redio moja ilihudumia kaya kadhaa. Ikawekwa juu, isifikiwe na watoto na isizibwe na migongo ya watu, ikatazama uani walikokaa wageni. Serikali iliukuta utaratibu huu tayari na ikaujengea elimu juu yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini kote walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, kila kimoja na kiongozi wake na kijitabu chake, wakikaa kuizunguka sauti moja na kujadili malaria na vyoo mara kipindi kilipokwisha. Spika ilipangiwa duara, kama ngoma.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, kwa maana hapa ndipo desturi inapokutana na fizikia. Sebule ya kawaida ya Mabatini au Igogo ina kuta za tofali, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, nafasi wazi kati ya ukuta na paa, dirisha la nondo na mlango ulio wazi mchana kutwa. Sauti nyembamba hugonga saruji na bati zikarudi kwa ukali. Kinachozituliza ni makochi, mapazia na vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa kila mahali. Besi hufanya kinyume chake. Mawimbi yake ni marefu, na katika nyumba yenye matundu mengi hivyo hutoroka nje kabla ya kushiba chumbani. Ukuta mmoja nyuma ya spika huweza kuiongezea besi hadi desibeli 6, na kona huongeza zaidi. Kwa hiyo aliyesukuma spika yake konani alikuwa anarudisha kile ambacho nyumba ilikuwa ikikimwaga. Hakuhitaji kipimo. Aliihamisha, akasikiliza, akaihamisha tena, na ilipokoma kusikika nyembamba akaiacha hapo.

Kuna watakaosema kwamba ninaipamba dhiki: watu walikuwa na spika moja na chumba kimoja, wakaiweka palipokuwa na nafasi. Ufinyu ulikuwepo, sikatai. Lakini kama dhiki ingekuwa sababu yote, desturi ingebadilika pale vifaa vilipokuwa rahisi. Zilipokuja redio kaseti zenye spika mbili za kuchomoa, kisha sabufa za Kichina zenye vispika vyake vidogo, watu wengi hawakuvipanga mbele ya kiti kimoja. Walivitawanya, kimoja sebuleni, kimoja barazani, ili aliyekaa nje naye apate. Stirio ilivunjwa kwa hiari ili umati utimie.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Sauti inayotazama mlango humfikia pia jirani asiyeitaka, mwenye mgonjwa au mwenye mtihani kesho. Uwanjani msikilizaji alikuwa na miguu yake: asipoipenda ngoma, alihamia duara la pili. Katika vilima vya Mwanza, ambako nyumba zimebanana juu ya mawe na ukuta wa huyu unakaribia kugusa wa yule, jirani hana pa kuhamia. Hapa desturi imepoteza haki yake ya zamani, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zina msingi. Ninaitetea desturi kama maarifa. Siitetei kama ruhusa ya kuwanyima watu usingizi.

Na nyumba zenyewe zimebadilika. Huko Buswelu na Nyegezi zinajengwa zenye dari ya jipsamu, madirisha ya alumini na vioo, na milango inayofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Besi haitoroki tena. Chumba chenye upana wa mita 3 hunguruma chenyewe karibu na mitetemo 57 kwa sekunde, na sabufa iliyo konani huuchochea mngurumo huo kuliko ikiwa mahali pengine popote. Noti moja ya gitaa la besi huvimba na jirani yake ikapotea. Katika nyumba hizo spika itoke konani, hata nusu mita huleta nafuu, na pazia zito lifunike kioo. Kuhusu kiti kimoja katikati, sijaona sababu ya kukifuata pale ambapo makochi bado yanazunguka kuta tatu na wageni wanne wanatarajiwa jioni. Afadhali spika zigeuzwe zitazame katikati ya chumba, kila mmoja apate sehemu, na picha ile ya stirio iachiwe yule atakayebaki peke yake usiku.