Bustani Ilipokuwa Kosa

Agosti Nairobi ni mwezi wa kungoja jua. Baridi ya Julai imechoka lakini haijaondoka. Asubuhi unatoka na sweta, ikifika saa saba umeifunga kiunoni. Ni wakati huu ambapo vile vilivyopandwa kwa mvua ya Machi vinaanza kulipa deni. Kwa Dani, nyanya yangu anayeishi Kaloleni, malenge yamepanda ua hadi kwa jirani na hakuna anayelalamika, kwa sababu jirani naye anakula majani yake. Osuga, ile mboga wengi wenu mnaiita managu, imeanza kutoa vitunda vyeusi. Terere tatu zimeachwa makusudi zizeeke, zitoe mbegu. Na kwenye kona, bogenvilia imewaka kama mtu aliyekuja harusi bila mwaliko.

Shamba lenyewe ni hatua sita kwa nne. Nimelipima kwa miguu.

Nililifahamu vizuri mwaka nilioacha chuo. Sikuwa na kazi, sikuwa na jibu la "sasa utafanya nini?", na Dani ndiye mtu pekee ambaye hakuniuliza. Alinipa jembe. Siku ya tatu, mgongo ukiniuma vibaya sana, alisema kitu kama mzaha: "Zamani hii ungefanya huku unaangalia nyuma." Nilidhani anazungumzia nyoka. Alikuwa anazungumzia askari.

Ndiyo nikaanza kusoma. Na nilichokipata ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya mji huu, kulima Nairobi kumekuwa karibu na kosa.

Tuanzie mwanzo. Reli ilifika hapa 1899, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo na kupaita kwa jina la maji baridi. Kambi ya reli ikawa mji, na mji ukaanza kugawa watu. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kimakazi, sababu ikitajwa kuwa ni usafi na magonjwa. Wazungu walikuwa juu, magharibi, kwenye udongo mwekundu unaokubali karibu kila kitu. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu chako kama mdeni, na jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia. Ukiona leo Lavington ina nyasi na Eastlands ina vumbi, usidhani ni bidii ya watu. Ni ramani.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo bado tunayo vitabuni, ilianza 1921. Ndani yake serikali ilijipa uwezo wa kukataza kilimo na umwagiliaji ndani ya miji na kandokando yake. Hofu ilikuwa malaria. Hoja moja iliyodumu miaka mingi ilikuwa kwamba mahindi hufuga mbu, basi yafyekwe. Ni kweli mbu walikuwa tatizo. Lakini hoja ya mbu ilifanya kazi nyingine pia: ilimwambia Mwafrika kwamba mji si mahali pake pa kuota mizizi.

Maana utawala wa kikoloni haukutaka familia mjini. Ulitaka mikono. Mwanamume alikuja na kipande chake ndani ya kikopo cha bati, shingoni, akalala chumba kimoja na wenzake, akafanya kazi, kisha akarudi ocha. Mke na watoto walibaki kijijini wakilima. Ndivyo mishahara ilivyoweza kuwa midogo vile: shamba la mama kule nyumbani lilikuwa linamlipia mwajiri sehemu ya gharama. Sasa mwanamke akija mjini, akapanda kunde nyuma ya nyumba, hesabu yote inaharibika. Bustani inasema: tuko hapa, na hatuondoki kesho.

Walikuwepo waliosema hivyo mapema. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walipewa makazi kwenye ardhi waliyoiita Kibra, yaani msitu. Walilima pale, wakafuga pale. Ukipita Kibera leo kati ya mabati na mabati, ni vigumu kuamini kwamba wazee wa hapo wanakumbuka mashamba.

Kaloleni ilikuja baadaye, miaka ya 1940, wakati serikali ilipolazimika kukubali kwamba Mwafrika wa mjini ana familia. Na hapa historia inacheka kidogo. Mtaa huu ulichorwa kwa fikra za "mji-bustani," wazo la Mwingereza Ebenezer Howard, aliyechapisha kitabu chake 1898 akitaka wafanyakazi wa Uingereza watolewe kwenye moshi wa viwanda na wapewe miti, hewa na mahali pa kupanda. Wazo hilo likavuka bahari, likatua Eastlands. Nyumba za mawe zisizo na ghorofa, nafasi wazi katikati, ukumbi wa jamii ambapo siasa za uhuru zilipamba moto hadi watu wakauita bunge lao. Yaani sheria moja iliogopa jembe la Mwafrika, na mchoro mwingine ukamwachia kipande cha ardhi mlangoni. Wanawake wa Kaloleni hawakungoja vitu hivyo viwili vipatane. Walipanda.

Uhuru ulikuja 1963, bendera ikabadilika, lakini panga la kufyeka mahindi halikuwekwa chini. Kwa miongo kadhaa wakulima wa kando ya reli na mito waliishi kwa kuvizia kanjo. Na hata kile walichopanda kilidharauliwa. Osuga, akeyo, apoth: shuleni na kwenye vitabu vya kilimo, sifa ilikuwa ya kabeji na sukuma, mboga ambazo asili yake ni Ulaya. Za kwetu ziliitwa magugu, au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alianza kuzifanyia utafiti miaka ya 1990, akaonyesha kwamba hizo "magugu" zina virutubishi vingi na zinastahimili hali ngumu. Leo ziko supamaketi, zimefungwa kwa plastiki na bei imepanda. Dani akiona hiyo bei anacheka hadi anakaa chini.

Mambo yalibadilika kwa njia ya uchungu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara zilifungwa na reli ikang'olewa Kibera. Chakula kikawa adimu na ghali, na ambaye hakuwa na pesa alilala njaa. Ni kipindi hicho ambapo shirika la Kifaransa, Solidarités, lilisaidia kueneza magunia ya mboga mitaani: gunia moja, udongo na samadi, mawe katikati ya kupitisha maji, matundu ubavuni, sukuma zikatoka pande zote. Mtu asiye na ardhi akapata shamba lililosimama wima. Mwaka 2010 Katiba mpya, kifungu cha 43, ikaandika kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Na 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kutoka 1921 hadi 2015 ni miaka 94. Muda huo wote, terere haikungoja.

Na bogenvilia je? Nilimuuliza Dani kwa nini anapoteza kona nzuri kwa kitu kisicholiwa. Akasema, "Tumbo likishiba, macho nayo yale nini?" Nikaenda kusoma hiyo pia. Mmea huo ni wa Amerika ya Kusini. Umepewa jina la nahodha Mfaransa, Bougainville, ambaye meli zake zilipita Rio de Janeiro mwaka 1767. Mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Commerson, alikuwa na msaidizi aliyebeba mizigo na kukusanya mimea pamoja naye. Msaidizi huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejificha kwa nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Ua likabeba jina la nahodha. Hata rangi yenyewe, ukiangalia vizuri, si ua: ni majani. Ua la kweli ni kale kadogo keupe katikati, ambako hakuna anayekaona. Nilipomweleza Dani, alinyamaza kidogo, kisha akasema huyo mwanamke angekaa vizuri Kaloleni.

Sijui hiyo kona itadumu hadi lini. Kwa miaka sasa kuna mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands ili yajengwe maghorofa. Watu wanahitaji nyumba, sibishani na hilo. Mimi mwenyewe nakodi chumba ghorofa ya tano, mtaa ambao jua linafika chini dakika chache tu kwa siku. Lakini katika michoro ninayoiona mitandaoni kuna maegesho, kuna lifti, kuna miti mitatu ya kupendeza picha. Mahali pa osuga sijapaona.

Mwezi jana landilodi wangu aliniambia nitoe magunia yangu mawili juu ya paa. Anasema maji yanaharibu simenti, na huenda ana haki. Nimeyashusha hadi mlangoni, upana wa hatua moja. Jumamosi nilienda kumwambia Dani. Hakunipa pole. Alienda kwenye zile terere tatu zilizozeeka, akazikung'uta juu ya ukurasa wa gazeti, akaukunja mara nne na kuniwekea mfukoni.

"Hatua moja inatosha," alisema. "Sisi tulianza na ya kuvizia."